Umegongwa na gari ukiwa kwenye baiskeli? Soma hii kabla hujapokea ile elfu ishirini ya soda

Habari za saa hizi wakuu. Naandika hii kwa ajili ya watu wa baiskeli, wale wanaoendea kazini, wanaobeba mkate, mkaa, maziwa, maji, hata wale wa kofia ngumu na suruali za kubana wa Jumapili asubuhi, maana gari likikugonga haliulizi baiskeli yako ni Phoenix ya keria au ni ile ya milioni tatu. Sheria nitakazotaja ni za Tanzania Bara, Zanzibar wana zao.

Nianze na ujinga wangu mwenyewe. Alfajiri moja natoka Tabata naelekea Buguruni, Barabara ya Mandela, kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kikanipita karibu mno, saiti mira, kioo cha pembeni, ikanipiga bega nikaenda chini. Pale pale sikusikia maumivu, damu bado ya moto. Dereva akashuka, mstaarabu kabisa, pole kaka pole sana, akanipangusa vumbi, akatoa elfu ishirini, kamata hii unywe soda na utengeneze rimu, mi nawahi mzigo sokoni. Nikapokea, na asante juu. Saa mbili baadaye mkono haunyanyuki, eksirei inaonyesha mtulinga, ule mfupa wa mbele ya bega, umekatika, wiki sita sifanyi chochote, na ile kirikuu sikuwa nimeshika hata herufi moja ya namba yake. Hakuna pa kuanzia. Elfu ishirini haikufika hata nusu ya eksirei na dawa za siku ya kwanza.

Miaka miwili mbele jirani yangu, mzee anayechukua samaki Feri na kuwaleta mtaani kwa baiskeli, akagongwa na Noah Barabara ya Kilwa, mguu ukavunjika chini ya goti. Safari hii nikasema hapana, nikatembea naye kituo kwa kituo, ofisi kwa ofisi, zaidi ya mwaka, mpaka akalipwa. Mengi ya humu nimeyajulia kwenye miguu yangu.

KWANZA JUA HELA INATOKA WAPI

Watu wengi hawajui hili. Kila chombo cha moto kinachotembea barabarani, iwe gari, bajaji au bodaboda, kinatakiwa kwa sheria kiwe na bima, angalau ile ndogo, sheria yenyewe inaitwa Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169. Ile bima ndogo ambayo mwenye gari dogo anailalamikia kila mwaka haimlindi yeye wala gari lake, inakulinda wewe uliyegongwa. Wewe ndiye "mtu wa tatu". Kwa hiyo unapodai humwonei huruma dereva maskini wala humfilisi mtu, hiyo hela ilishalipiwa tangu mwaka unaanza. Mzee wa samaki alikuwa ameshamsamehe dereva kabisa, "kijana mwenyewe ana watoto", nilipomweleza hivi ndio akakaa sawa kitandani.

HATUA YA 1: PALE PALE CHINI

Namba ya gari kabla ya kitu chochote. Hata kabla hujaangalia kama simu imepasuka. Kama huwezi kusimama mwambie yeyote aliye karibu apige picha namba ya gari, ukishindwa kabisa itamke kwa sauti mara kadhaa mtu aiandike hata mkononi. Ukiwa na namba una gari, ukiwa na gari una bima, ukiwa na bima una mtu wa kumdai.

Kama una nguvu au una mtu, piga picha baiskeli ilipolala kabla haijasogezwa, gari lilipo, alama za breki kwenye lami, bampa lilipobonyea. Halafu mashahidi. Hapa usihangaike na wapita njia, wapita njia wanapita kweli, ukiwatafuta mwezi ujao huwaoni. Mtafute mtu ambaye kesho atakuwepo palepale, mama ntilie, fundi viatu, kijana wa chipsi, wa bodaboda kijiweni. Chukua jina na namba ya simu, basi. Shahidi wetu alikuwa muuza madafu na ndiye aliyetuokoa, nitafika huko.

Piga 112 au mtu akimbie kwa trafiki wa karibu. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inamtaka dereva asimame, asaidie majeruhi na atoe taarifa polisi, kwa hiyo akikwambia "tuyamalize hapahapa, polisi watatusumbua wote" elewa kwamba atakayesumbuliwa ni yeye. Akikupeleka hospitali na kulipia matibabu ya kwanza, mruhusu, ila andika kalipa shilingi ngapi na usisaini kikaratasi chochote. Na usiseme "samahani kaka nilikuwa sijakuona", najua tumelelewa kuomba radhi hata tukikanyagwa, lakini hilo neno utalisikia tena mahakamani.

Jambo lingine, raia wakianza kutaka kumpiga dereva wazuie kama unaweza. Akikimbia kwa hofu ya kuuawa unabaki huna dereva na wakati mwingine huna gari, na akienda moja kwa moja kujisalimisha kituoni kwa kuogopa kipigo hilo linaeleweka.

HATUA YA 2: PF3 NA RB

PF3 ni fomu ya polisi ya matibabu, inatolewa bure kituoni, sehemu anajaza polisi na sehemu anajaza daktari. Kama hali ni mbaya nenda hospitali kwanza, ndugu ataifuata fomu nyuma, daktari kazi yake ya kwanza ni kuokoa uhai. Lakini isipite siku hiyohiyo au kesho yake. PF3 iliyochukuliwa wiki mbili baadaye inazaa maswali, kampuni ya bima watauliza utajuaje hakuanguka kwenye ngazi za kwake.

Pale kituoni hakikisha tukio limeandikishwa na upewe namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, ipige picha. Jua jina la askari mpelelezi wa ajali yako. Trafiki atachora ramani ya ajali, na gari litakaguliwa na mkaguzi wa magari.

Kuhusu maelezo yako hapa nakaa kidogo maana ndipo kesi nyingi za baiskeli zinapofia. Maelezo unayasoma mwenyewe, au unasomewa, KABLA ya kusaini. Mzee wetu alipelekewa karatasi wodini yuko na dripu, na mimi nilipoisoma nikakuta imeandikwa mwendesha baiskeli "aliyumba ghafla na kuingia barabarani". Nani kasema? Dereva. Mzee hakusema hivyo, alisema alikuwa pembeni kabisa kwenye mstari mweupe anaenda moja kwa moja, Noah ilikuwa inakwepa shimo. Hilo neno aliyumba ni neno la hatari sana kwa mtu wa baiskeli, maana linahamisha kosa lote kwako kwa sekunde moja. Tukaomba irekebishwe, tukataja shahidi wa madafu aliyeona, mpelelezi akaenda kumhoji, na mchanga wa pembeni ya lami palipokuwa na alama ya tairi ya baiskeli iliyonyooka tulikuwa nao kwenye picha ya simu. Neno hilo likafutwa. Ongea kwa upole, shikamoo afande, lakini usisaini kitu ambacho hukusema.

HATUA YA 3: HOSPITALI NA BAHASHA YA KAKI

Mwambie daktari kila panapouma, hata kidole kidogo cha mguu, maana kisichoandikwa siku za mwanzo ni kigumu kukiingiza baadaye. Sisi watu wa baiskeli tunaumia sana mtulinga, kiganja, goti na kichwa. Kichwa ndicho kinachodanganya, unajiona mzima halafu siku ya tatu unasahau njia ya nyumbani.

Nunua bahasha ya kaki kubwa. Kila karatasi inaingia humo: kadi ya hospitali, eksirei, risiti za dawa, risiti ya magongo, cheti cha kupumzika. Famasi wakikupa dawa bila risiti rudi uombe. Bajaji hawatoi risiti, sasa hapo chukua daftari uandike tarehe, umetoka wapi umekwenda wapi, shilingi ngapi, na kama umelipa kwa simu meseji usiifute. Sababu ya usumbufu wote huu ni kwamba mahakama zetu zinagawa madai mafungu mawili, kuna hasara maalum, yaani hela uliyotoa au kupoteza inayohesabika, hii unaithibitisha shilingi kwa shilingi na bila karatasi hupati hata kama kila mtu anajua ulilazwa, halafu kuna fidia ya jumla ya maumivu, ulemavu na maisha kuharibika, hii ni busara ya hakimu.

Baiskeli iliyopondeka usiiuze chuma chakavu. Iweke. Ipige picha kila upande, ipeleke kwa fundi akuandikie makadirio.

HATUA YA 4: CHUNGULIA BIMA YA GARI

Hii unafanya ukiwa kitandani. TIRA, mamlaka inayosimamia bima, wana mfumo wao mtandaoni unaitwa TIRAMIS, unaingiza namba ya gari unaona kama lina bima hai, kampuni gani, inaisha lini. Piga picha ya skrini siku hiyohiyo. Angalia tarehe vizuri, bima lazima iwe ilikuwa hai saa ya ajali, wapo wajanja wanakata bima jioni baada ya kugonga mchana.

Na mwenye gari ni nani? Dereva mara nyingi ni wa kuajiriwa, na mwajiri anabeba kosa la dereva wake akiwa kazini, kwa hiyo wadaiwa wako ni dereva na mwenye gari pamoja. Jina la mmiliki linapatikana kwenye usajili wa TRA, ila usishangae gari limeuzwa mara tatu na kadi bado ina jina la mtu wa kwanza. Mwachie wakili hilo.

HATUA YA 5: KESI YA TRAFIKI, NA KWA NINI FAINI SI FIDIA

Polisi wakimaliza upelelezi dereva anapelekwa mahakamani kwa kosa la barabarani. Mara nyingi anakiri siku hiyohiyo, anapigwa faini, anatoka. Mzee wetu alisikia dereva katozwa faini akauliza "sasa hela yangu naifuata wapi?" Hakuna hela yako hapo baba, faini ni ya serikali. Na kesi ikiisha usikae unasubiri simu, hakuna atakayekupigia.

Ila hiyo kesi ina faida kubwa kwako. Dereva akitiwa hatiani, na muda wa rufaa ukapita, hukumu hiyo ni ushahidi tayari kwenye kesi yako ya madai, hana tena nafasi ya kusema hakufanya lile kosa. Kwa hiyo omba nakala ya hukumu au mwenendo iliyogongwa muhuri. Kituoni nako omba ripoti ya mwisho ya ajali, wenyewe wanaiita PF 90, ripoti ya ukaguzi wa gari, PF 93, na ramani. Bila hizo kampuni ya bima hata bahasha hawafungui.

HATUA YA 6: BARUA YA MADAI

Andika, au andikiwa, barua ya madai kwa dereva, mwenye gari na kampuni ya bima, ambatanisha kopi, ORIJINO BAKI NAZO, na kopi yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kudai unadai nini? Matibabu yaliyopita na yajayo, nauli, baiskeli, mzigo ulioharibika, kipato ulichopoteza, maumivu, na ulemavu wa kudumu kama upo. Ulemavu unahitaji ripoti ya daktari yenye asilimia, usiidai kabla hujapona, subiri daktari aseme hali imetulia.

Kipato ndicho kinachotushinda sisi tusio na hati ya mshahara. Mzee alikuwa na madaftari mawili ya deni la samaki, kurasa zimegandana magamba, yananuka hadi afisa wa bima alifungua dirisha. Lakini yalikuwa na tarehe. Tukaongeza miamala ya simu ya miezi sita na barua ya serikali ya mtaa kwamba anajulikana kwa biashara hiyo. Wakapunguza, ila hawakukataa.

Watakuja na ofa ya kwanza. Itakuwa ndogo. Kwetu ilikuwa haifiki hata risiti za hospitali, na afisa aliitaja kwa sauti ya mtu anayekufanyia hisani. Usigombane, omba waandike wamefikaje hapo, jibu kwa maandishi. Wakisema hatulipi kwa sababu dereva hakuwa na leseni au mwenye gari hakuwataarifu, usikubali la mdomo, omba barua ya kukataa yenye sababu. Barua hiyo ndiyo inayokufungulia mlango unaofuata.

HATUA YA 7: WAKIKUZUNGUSHA

Peleka malalamiko TIRA, wana ofisi za kanda, na kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ambaye anasikiliza malalamiko bila hata wewe kuwa na wakili. Ikishindikana ni mahakama, Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi kwa madai ya kawaida ya ukubwa huu.

Muda wa kufungua kesi ya madhara ni MIAKA 3 tangu ajali, Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Miaka mitatu inaonekana mingi ukiwa na hogo, ile plasta ngumu, mguuni, lakini mwaka unaisha kwenye matibabu, mwingine kwenye "njoo wiki ijayo", na kampuni kuendelea kujibizana na wewe kwa barua hakusimamishi saa. Na kabla ya kufungua ijulishe kampuni ya bima kwa maandishi kwamba unafungua, maana sheria inawabana walipe hukumu iliyotoka dhidi ya mteja wao, na upenyo wao mkubwa wa kukwepa ni kusema hatukujulishwa kesi.

Gari likiwa la serikali, STK na wenzake, njia ni nyingine, unatoa notisi ya siku 90 kwanza na Mwanasheria Mkuu anaunganishwa. Usiifanye hii mwenyewe.

Wakili mtafute mwenye jina kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, unaandika jina lake unaona kama ana leseni hai. Nje ya vituo na wodi za mifupa wamejaa vishoka, anakuja na fomu, anajua hadi jina la mama yako, anataka usaini hati ya kumpa mamlaka ya kisheria ili "akufuatilie", kisha hela inapita kwake. Mmoja alimfuata mzee mara mbili kitandani. Kama huna uwezo wa wakili kuna wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na mashirika kama LHRC, kituo cha sheria na haki za binadamu, na TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, wana kliniki za msaada wa sheria.

HALI NYINGINE

Ulikuwa kazini? Mfano umetumwa na ofisi kupeleka barua au mzigo kwa baiskeli. Kuna WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, mchango analipa mwajiri peke yake, na huko hata kama kosa lilikuwa lako haiulizwi sana, kinachoulizwa ni kama uliumia kwenye kazi. Taarifa ndani ya miezi 12. Mwajiri akikwambia wewe ni dei waka, kibarua wa siku, haikuhusu, nenda kaulize WCF wenyewe.

Kama kosa ni nusu kwa nusu, mfano usiku huna taa wala rifleka, dai halifi, linapunguzwa kulingana na sehemu yako ya kosa. Ila taa ya elfu tano inaweza kukuokolea asilimia kubwa, funga.

Bodaboda isiyo na bima, mdai dereva na mwenye pikipiki wenyewe, ugumu ni kukamata hela mkononi mwa mtu asiye nayo, hapo makubaliano ya kulipa kidogokidogo yaliyoandikwa mbele ya wakili yana afadhali kuliko hukumu ya kuning'iniza ukutani.

Aliyegongwa akifariki, mke au mume, watoto na wazazi waliomtegemea wana haki ya kudai. Anzeni na msimamizi wa mirathi, msichelewe kwa sababu ya vikao vya ukoo.

KABLA HUJASAINI VOCHA YA MWISHO

Mkikubaliana kampuni inakupa karatasi ya kusaini kwamba umelipwa na hutadai tena, wao wanaiita dischaji vocha. Isome mstari kwa mstari, ikiwa Kiingereza mtafute wa kukusomea, na hela iingie akaunti yenye jina lako.

Na ulizia vyuma. Mzee aliwekewa chuma mguuni, na chuma kile daktari alisema kitakuja kutolewa baadaye, ni upasuaji mwingine, kulala tena, magongo tena. Kwenye hesabu ya kampuni hakikuwepo. Kalamu ilikuwa mkononi tayari, mzee kainama mezani, nikamwambia subiri kwanza baba, tukamrudia daktari akaandika kikaratasi cha makadirio, afisa akakiangalia, akaguna, akaondoka nacho ndani dakika arobaini hivi. Alirudi na vocha nyingine, namba imebadilika. Mzee akaomba asomewe mara ya pili, akavaa miwani, ndio akasaini.